Valvu ya Kwanza

Jumatatu, 9 Januari 1967
Wiki ya pili kwenye karakana ya redio ya Mjomba Isaiah, River Road. Hadi Jumamosi nilikuwa msichana pekee hapa. Leo yupo Nzula! Baba yake ni rafiki ya Mjomba. Anacheka na wateja kama aliyezaliwa humu. Mimi hata "karibu" hainitoki.
Kiti cha fundi ni kimoja. Mjomba atachagua Jumamosi nani abaki.

Jumatano, 11 Januari
Tunaunda amplifaya ya kukuza sauti kwa kanisa la Dagoretti; valvu zake ni kama balbu ndogo za kioo. Nzula alilehemu waya tatu. Mjomba: "Huu ndio mkono wa fundi!" Mimi nililehemu kumi na mbili — hata hakuzitazama.
Halafu Nzula: "We Nakhumicha, unaongea na valvu kuliko watu!" Wateja wakacheka. Nikacheka pia. Mwongo mkubwa mimi.

Alhamisi, 12 Januari
Nzula alipoenda kununua mandazi, Mjomba alinifundisha peke yangu. Amplifaya nyingine huwa na kapasita kati ya valvu ya kwanza na ya pili: inazuia umeme, sauti tu ipite. Hii haina. Waya mtupu, moja kwa moja — ndiyo maana sauti ni safi hivyo. Lakini ya kwanza ndiyo inayoituliza ya pili. Ukiing'oa hiyo ya kwanza huku amplifaya imewashwa, volti zote zinaivamia ya pili, inaungua.
Akasema, "Mwambie mwenzako."
Maana Nzula ana tabia hiyo. Akisikia mvumo, anang'oa valvu bila kuzima, ajue unatoka wapi. Kwenye zile nyingine haidhuru.
Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 13 Januari
Sikumwambia. Mjomba amempa bisibisi yake mwenyewe. Ile ya mpini mwekundu!

Jumamosi, 14 Januari, saa saba mchana
Imeungua.
Kulikuwa na mvumo mdogo. Nzula akapeleka mkono kwenye valvu ya kwanza. Nilimwona. Neno moja lingetosha. Akaing'oa. Chuma ndani ya ile ya pili kikawa chekundu kama kaa la jiko, kisha harufu.
Mjomba aliniuliza mimi: "Ulimwambia?"
Niliitikia kwa kichwa.
Hakupiga kelele. Ametoka kutafuta valvu nyingine, kesho ni ibada. Nimekalia kile kiti cha fundi. Hakuna aliyeniambia niondoke.
Nzula ameleta chai. Yangu ameitia sukari vijiko viwili, ninavyopenda. Macho yake yamevimba.
"Kichwa changu bure kabisa, Nakhu. Uliniambia, sivyo? Wala sikumbuki. Mzee akirudi nitamwomba msamaha, niende zangu nyumbani."
Anangoja nijibu. Nimeinamia daftari hili, nikijifanya naandika vipimo. Bisibisi ameirudisha mezani, mpini umeelekea kwangu. Nasikia viatu vya Mjomba kwenye ngazi —