Karafuu na Iliki Mfukoni

Mjukuu wangu Nasra,

Assalaam alaykum. Sisi huku Moroni wazima, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza ufanyeje, maana katika vikao vya kampuni yenu huko Dar kila mtu humkubalia mkurugenzi, kisha wakitoka nje wananung'unika.

Enzi za mamluki, wale askari wa kukodiwa wa Kizungu waliotutawala hapa visiwani, nilikuwa mji wa Mutsamudu, katika ushirika wa wauza karafuu. Tajiri mmoja, rafiki yao mamluki, alitaka tumuuzie yeye peke yake kwa bei aliyojipangia. Mwenyekiti wetu, Mzee Halidi, alipouliza nani anapinga, hakuna aliyenyanyua mkono. Mpwa wa tajiri alikuwa ameketi nasi.

Ndipo mwenzetu Bi Zainaba akasema, "Mzee, tupige kura ya siri."

Akampa kila mmoja karafuu moja na iliki moja, akapitisha mfuko wa kitambaa. Anayekubali atie karafuu, anayekataa atie iliki, na inayobaki aifumbate. Mfuko ulipomwagwa mkekani, karibu zote zilikuwa iliki. Tukatazamana.

"Kumbe tulikuwa tunaogopana," Mzee Halidi akasema.

Kesho yake tajiri alimfuata Mzee bandarini, amekasirika.

"Nani amekataa?"

"Hatujui," Mzee akamjibu, na ilikuwa kweli. Tajiri hakuwa na mtu wa kumkamata. Karafuu tukamuuzia tuliyemtaka.

Mkurugenzi wako simjui, mwanangu. Huenda naye angependa kujua watu wake wanawaza nini.

Mungu akuhifadhi.

Bibi yako, Mariamu