Taili Juu ya Mbao

Jumatatu, 6 Machi 1995

Mungu alipoumba dunia aliacha sakafu bila kusawazisha, makusudi, ili Wafula apate kazi. Kutoka Makongeni mpaka Pumwani hakuna anayeshika mwiko kama mimi. Anayebisha alete sakafu yake.

Leo nimeshinda nikiziba nyufa kwenye veranda ya watu. Jioni Mama Nekesa akaniita kwake ghorofani, juu ya fundi cherehani. Nyumba ya zamani, sakafu ya mbao. Mbao zimeachana mpaka kidole kinapita. Mumewe, Mzee Makokha, alikuwa mtu wa reli. Sasa upande mmoja wa mwili umelala, anatembea na mkongojo. Mwezi jana mkongojo ulinasa kwenye pengo, akaanguka. Yuko hospitali, anarudi Jumamosi. Daktari amesema akianguka tena vile hatainuka. Ndiyo maana mama anataka taili, vigae vya kufunika sakafu nzima, mkongojo usipate pa kunasa.

Nikamwambia alale usingizi.

Jumanne, 7 Machi

Niko na Kioko, mwenzangu wa kazi. Babake huchonga twiga wa kuuzia watalii, basi Kioko anadhani kila ubao ni binamu yake.

Taili na mbao hazipatani. Mbao inacheza, taili haijui kucheza, inapasuka. Kwa hivyo kwanza unainyamazisha sakafu. Tumeng'oa misumari ya zamani yote, tukakaza kwa skrubu. Kisha mimi naruka na miguu miwili chumba kizima. Inapolia, tunakaza tena. Fundi cherehani akapanda ngazi, vumbi kichwani. "We Wafula, unaoa huku juu?" Nikamwambia suruali aliyonishonea inalia kuliko hii sakafu.

Boriti moja imeliwa na mchwa. Tumekata palipooza, tumefunga nyingine ubavuni. Kazi safi. Nimechoka vibaya.

Jumatano, 8 Machi

Mchwa wamenikera. Nikaenda gereji nikaomba oili chafu, ile wanayomwaga kutoka kwa injini. Huko nyumbani kila nguzo ya boma inapakwa hiyo, na mchwa hawagusi. Nikapaka boriti. Nikapaka mbao. Nikachukua plaiwudi mpya ya kutandika juu, nikaipaka pande zote mbili kama siagi kwa mkate.

Kioko akasimama akaniangalia. "Chini sawa. Huku juu gundi ya taili itashika nini? Maombi?"

Nikamuuliza kama twiga wa babake wamewahi kuwekwa taili. Akanuna.

Anataka tutafute plaiwudi nyingine. Nimekataa. Mtaa mzima usikie Wafula ameharibu mbao? Apana. Nimesugua upande wa juu na petroli, matambara mpaka yakaisha, nikaianika. Imekauka. Ukigusa, kidole hakichafuki.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Alhamisi, 9 Machi

Plaiwudi imelala. Tumeacha nafasi ndogo kati ya ubao na ubao, na pembeni kwa ukuta, ili ikivimba wakati wa mvua isisukumane. Skrubu kila mahali, vichwa vimezama. Nikaweka pimamaji: kiputo katikati, hakitingishiki. Nikamwita Kioko aje aone. Hakuja.

Taili zimeingia zote. Nyeupe, zile za kukwaruza kidogo, mguu usiteleze. Mama Nekesa akaleta chai na viazi vitamu. Akainama akapapasa kwa kiganja, machozi yakamtoka. "Omwana wange, mwanangu, mzee atatembea kama bwana harusi."

Nilijiona mrefu.

Ijumaa, 10 Machi

Nimegonga taili na mpini wa mwiko. Za katikati zinajibu vizuri. Karibu na mlango zinasema ko, ko. Debe tupu.

Kioko alisikia. Akaniangalia. Nikamwambia ni hewa, itatoka. Hewa gani? Hata mimi sikujiamini. Tumejaza grauti, ule uji wa simiti wa kuziba mianya kati ya taili. Sijala.

Jumamosi, 11 Machi

Mzee Makokha ameletwa. Majirani walimbeba ngazini kwa kiti. Kazi imekwisha. Sina la kuandika.

Jumapili, 12 Machi

Ameanguka.

Alikuwa amevaa koti la kanisani. Taili ya mlangoni ilitoka chini ya mkongojo kama sabuni. Fundi cherehani ndiye alimfikia kwanza, alisikia kishindo juu ya kichwa chake. Nyonga imevunjika. Wamemteremsha kwa kiti kile kile.

Watu wakanizunguka. Nikasema ni mbao, nyumba ni ya zamani, mbao za zamani ndivyo zilivyo. Maneno yalitoka mbio mbio. Kioko akatema mate miguuni pangu akaenda zake.

Jumanne, 14 Machi

Nimeng'oa taili zote peke yangu. Za katikati zimeshika kidogo. Za mlangoni sikuhitaji nyundo. Oili imetoka ndani ya mbao ikarudi juu. Petroli iliosha uso tu.

Nimebeba plaiwudi yote nje. Fundi cherehani hakunitania. Afadhali angenitania.

Ijumaa, 17 Machi

Nimeenda hospitali. Mzee anaangalia dari. Daktari amesema hatasimama tena. Nilimsalimia, akafunga macho.

Mama Nekesa ameketi kando ya kitanda na shuka mkononi. Anasema kosa ni lake. Anasema alimkimbiza mzee kurudi nyumbani, angemwacha wodini wiki nyingine simiti ikauke vizuri. Akanishukuru kwa kuja.

Oili ni ujinga. Ujinga ningeweza kuusema mbele ya watu, wakacheka, yakaisha.

Jumamosi ile nilifika mapema, kabla mzee hajaletwa. Nilikanyaga taili ya mlangoni, ikacheza. Nikaiinua na ncha ya mwiko. Ilitoka nzima, gundi imebaki nyuma yake, chini plaiwudi inang'aa. Nikairudisha. Nikapaka grauti nyepesi pembeni, nikafuta kwa tambara mpaka ikafanana na zingine.

Mama Nekesa alikuwa chini kwa ngazi, na wale wabebaji, na mzee juu ya kiti. Akaita, "Wafula, tumlete?"

Nikasema mleteni.