Mama Verlene Gadsden, Mcheza Lindy Hop wa Harlem

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipofumba macho nyumbani kwetu Harlem, redio ikipiga na kidole chako bado kikifuata ngoma juu ya shuka.

Mchana ulipiga pasi mashati ya watu dobini. Jioni ulimfundisha dansi yeyote aliyekanyaga sebuleni, hata mleta barua. "Legeza mabega, baba," ulimwambia. "Hubebi friji." Na hakuna aliyeondoka kwako bila kula.

Hukuchoka kutueleza dansi ya Lindy Hop ilikotoka. Watu wetu weusi walipohama kutoka Kusini mwa nchi walikuja na dansi ya Charleston miguuni. Hapa Harlem, waliocheza wawili wawili wakaanza kuachiana, kila mmoja akajimwaga apendavyo, kisha wakashikana tena. Bendi kubwa za muziki wa swing zikaongeza kasi, nanyi vijana mkaanza kurushana hewani. Mlipokwenda ziara za maonyesho, wewe na Baba mlishangiliwa ukumbini, halafu mkanyimwa chumba hotelini kwa sababu ya rangi yenu. Ulisimulia hayo ukicheka. Sisi hatukuweza.

Ndiyo maana yaliyotokea mwezi uliopita yametutia kinyaa. Shule moja ya dansi katikati ya jiji ilitualika kwenye tafrija ya kukuenzi. Picha yako tuliyowaazima ikatundikwa ukutani. Mwenye shule akashika kipaza sauti, akasema dansi hii ilikuwa vurugu za mitaani mpaka walimu kama yeye walipoisafisha. Na watu wakapiga makofi! Midomo imejaa keki, wanapiga makofi.

Baba akasukuma sahani, akanigeukia mimi binti yenu. "Ernestine, nipe koti langu."

"Mzee Gadsden, usiondoke," mwenye shule akambembeleza. "Tuonyeshe kidogo ile ya zamani."

"Nikuonyeshe ipi? Ile chafu, au hiyo uliyoifua?"

Baba, na magoti yake mabovu, akapanda kiti, akaishusha picha yako, tukatoka. Ndani ya treni alikifuta kioo cha picha kwa leso, akakifuta tena, kama vile pumzi za watu wale zimegandia usoni pako.

Jumamosi iliyofuata wanafunzi wako walikutana kucheza dansi kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Baba hakuwa amecheza tangu uondoke. Mama mdogo Idella akamfuata pale alipokaa.

"Inuka, shemeji. Utaota mizizi."

"Niache, Idella. Sina miguu."

"Nani kakuuliza miguu? Nimesema inuka."

Akainuka. Mwanzo walijikongoja, kisha Baba akashika mdundo, na vijana wakasogea pembeni kuwapisha. Muziki ulipokwisha aliketi, akalia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Hatukumnyamazisha.

Unakumbukwa na mumeo Roscoe, binti yako Ernestine, mdogo wako Idella, wajukuu zako Cordell na Maybelle, na wanafunzi wako wote.

Hatutakusahau, Mama. Wala hatutakaa kimya wakikusema vibaya.