Jumapili ya Fundi wa Kuchomelea

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Natumaini kikohozi kimekuacha. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Mwaka mzima nimekuficha jambo. Ile ngazi ya chuma niliyoitengeneza kwenye nyumba ya wapangaji ilikatika, mama mmoja akaanguka, akafa. Nililipua kazi, viungo vingine nilivigusa tu kwa moto. Mahakamani sikubisha. Nimepewa miaka mitatu, hakimu kanipa muda wa kujiandaa, niripoti gerezani Jumatatu tarehe 23. Jumapili nitashinda nyumbani. Njoo, hata kwa saa moja.

Baba yako

12 Machi

Baba, shikamoo.

Kikohozi kimepona. Barua yako nimeisomea stoo, kazini, nimekalia magunia. Kila nikipiga simu unasema, "Kazi inakwenda," kumbe unapanda na kushuka mahakamani peke yako. Mimi nilikuwa nani kwako? Kuja siahidi. Nikija nitakulaumu, nisipokuja nitajilaumu.

Binti yako

22 Machi, Jumapili

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi nimenyoa, nimefua, sijambo.

Asubuhi nilikwenda kwa mume wa marehemu. Alinisikiliza mlangoni, akasema, "Nimekusikia," akafunga. Sikustahili zaidi. Kisha nikatembea hadi sokoni na kurudi, sinunui, siuzi, kwa kuwa bado naruhusiwa. Nimepika chakula cha watu wawili. Mlango uko wazi tangu adhuhuri. Kila kiatu kinachopita nadhani ni chako. Usijilaumu. Nina hamu nawe, basi.

Baba

26 Machi

Baba, shikamoo. Umeamkaje huko? Mgongo je?

Barua yako nimeipata jana. Baba, Jumapili nilikuja. Nilishuka saa nane, nikasimama ng'ambo ya barabara. Nikakuona umekaa mlangoni, umekonda, unatazama upande wa stendi. Sikuvuka. Nilisimama mpaka ulipoingia ndani, nikapanda gari la kurudi.

Leo nimefika langoni kwenu. Askari kasema wageni ni Jumamosi.

"Nikija alfajiri?"

"Hata ungekuja jana, binti, ni Jumamosi."

Barua hii kakubali kuipokea. Nimepanga chumba nyuma ya ukuta wenu. Mchana huu nasikia mkiitwa majina, mkiitika mmoja mmoja. Nimesimama dirishani, natafuta sauti yako.

Mwanao