Swali la Yule Mama Ukumbini

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kasoro sauti tu iliyonikauka kwa kupiga kelele wiki nzima, na natumaini barua hii itakukuta salama pamoja na wifi na mapacha. Waambie shangazi yao hajawasahau, kazi ndiyo imenibana. Je, mgongo wako? Usinijibu kwamba umepona, wifi ameshanisimulia.

Umeuliza kama Mama amekwisha kufunga mizigo, kwa kuwa wewe unakuja na gari mwisho wa mwezi kumchukua akakae kwako. Najua chumba umeshakipaka rangi na kiti cha kuegemea kipo tayari. Ukweli ni kwamba sanduku lilikaa wazi kitandani siku nyingi. Asubuhi alikunja nguo akaziweka, jioni akazitoa. Jibu lako nitakupa, ila nivumilie kwanza nikueleze habari za kazini, maana huwezi kuelewa moja bila nyingine.

Unajua kwamba kuwapokea wanafunzi wapya chuoni kwetu ni kazi yangu. Miaka yote mapokezi yalikuwa hotuba ya mkuu wa chuo basi, ndefu hata yeye mwenyewe huipumzikia katikati. Mtu aliweza kumaliza mwaka hajui maktaba iko upande gani. Mwaka huu nikajitia kimbelembele. Nikapita idara moja baada ya nyingine, maktaba, zahanati, jiko, karakana, nikaomba kila moja iandae kitu cha kuwakaribishia wageni wetu. Wote walikubali, tena kwa furaha. Sikuuliza wanaandaa nini.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Akapanda mkutubi, akasema maktabani ni marufuku kuongea, kula na kusinzia. Muuguzi akasema asiye na kadi asikanyage zahanati. Mpishi mkuu akasema atakayechelewa asimgongee dirisha. Mwisho akaja fundi mkuu wa karakana ya umeme, ambaye tunamwita Fyuzi kwa jinsi anavyoungua haraka, akasema neno moja tu: msiguse. Kaka, kumbe idara ikiambiwa ikaribishe wageni, inaleta makatazo yake! Nilikaa pembeni ya jukwaa nikitabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Ndipo akasimama mama mmoja nyuma kabisa, mtu mzima kati ya watoto. Alifuta miwani yake taratibu, akaivaa, akasema yote wasiyoruhusiwa ameyasikia, sasa anaomba kujua wanaruhusiwa nini. Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu wa chuo akamwuliza amemleta mtoto gani. Akajibu kwamba amejileta mwenyewe, kusomea umeme wa majumbani, na kwamba kesho atarudi mara moja tu. Akikuta ni yale yale, ana kwake, atakwenda zake. Alikaa na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri basi, nikajua hatanii.

Mchana ule niliwakusanya wakuu wa idara, nikawaambia kesho hakuna kuhutubia. Kila idara iwape wageni kazi ya kufanya kwa mikono yao. Mkutubi alinuna, akasema vitabu vyake si vya kuchezea. Mpishi alifurahi, maana alikuwa na viazi vya kumenya. Fyuzi akatoka zake kurudi karakana, na hilo likanitia wasiwasi kuliko maneno ya wenzake.

Kesho yake mambo yakachangamka. Watoto walipanga vitabu rafuni, wakafungana bendeji, wakamenya viazi. Mimi jicho langu lilikuwa kwa yule mama. Alikwenda moja kwa moja karakana. Vijana wakamwelekeza, kwa heshima zote, kwamba jiko liko upande wa pili. Akawaambia jiko analijua, amekuja kujua umeme. Fyuzi akampa soketi na waya aviunge. Akaunga, akawasha, ukasikika mlio, na taa zikazimika karakana, jikoni, maktaba, mpaka kwenye korido ya ofisi yangu, nilikokuwa nimerudi mara moja kufuata funguo.

Nilikimbia, wala sikukimbia peke yangu. Muuguzi alikuja na sanduku la huduma ya kwanza, bila kumwuliza mtu kadi. Mpishi alikuja na mwiko mkononi. Mkutubi wetu wa kunong'ona alikuja akipiga kelele tangu mbali, akiuliza kama kuna aliyeumia. Yule mama alikuwa mzima, ila ameshakwapua mkoba wake, machozi yanamlengalenga, anatafuta mlango. Fyuzi akamzibia njia. Alicheka mpaka akaegemea meza, akasema hakuna fundi aliyetoka hapa bila kukizima chuo, na kwamba yeye alikizima siku ya mahafali, mgeni rasmi akiwa amesimama kwenye kipaza sauti. Kisha akamrekebishia nyaya huku mama akitazama, akampeleka kwenye swichi kuu, akamwambia airudishe yeye. Taa zikawaka, na sote tukapiga makofi.

Nadhani huyo mama umeshamjua, Kaka. Nani mwingine hufuta miwani kabla ya kuuliza? Ni Mama yetu. Naapa sikujua. Siku zote alizokuwa akiniaga kwamba anakwenda kukandwa miguu, alikuwa akihangaikia usajili. Nilipomwona ukumbini nilitaka kuita, akanikazia lile jicho lake, nikanyamaza. Usiku ule alijilaza mapema, ila jioni ya siku ya taa nilimwuliza kwa nini alinificha mimi, mwanawe. Akasema ningemwekea kiti cha mbele na kumwombea upendeleo, naye hakutaka kuingia chuo akiwa mama wa mtu. Akasema maisha yake yote umeme ukileta matatizo amekaa gizani akimsubiri mwanamume: kwanza babu, halafu Baba, halafu wewe. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anakoroga chai.

Kwa hiyo Mama haji, Kaka. Sanduku limerudi juu ya kabati. Alitaka akwambie mwenyewe, lakini kila akishika simu anaogopa akisikia sauti yako ataghairi, ndiyo maana nimeandika. Nilipomwona anapanda kigoda kulirudisha nililia, kwa furaha, na kwa kukuonea huruma wewe na kile chumba chako. Usidhani amekukataa.

Njoo na gari kama ulivyopanga, ila ujue utarudi nalo tupu. Siku hiyohiyo tunafunga mapokezi, na kila mwanafunzi mpya anakuja na mtu mmoja wa kwao wa kumsindikiza. Niliomba niwe mimi, akanikatalia katakata. Anakutaka wewe. Anasema siku yako ya kwanza shuleni ulilia ukang'ang'ania gauni lake, ikabidi asimame nje ya dirisha la darasa mpaka mapumziko, ili kila ukigeuka umwone. Sasa anaomba na yeye akigeuka akuone.

Mpe wifi salamu zangu nyingi, na mapacha uwabusu. Mama anawasalimu wote. Yuko hapa mezani, ameifungua pasi yangu vipande vipande, na sijui kesho nitakwenda kazini na nguo gani.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Chiriku