Betri ya Gari la Sakariye

Bulla Iftin, Garissa

Wifi yangu mpenzi Saumu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako na jamaa wote wa Hola, na kwamba mto umeyahurumia mashamba yenu safari hii. Sisi hatujambo kwa rehema za Mungu. Joto ni lile lile unalolijua. Adhuhuri hata mbuzi hawatoki kivulini. Mama yetu, Hooyo, anakusalimu sana. Bado anakuita mkaza mwanawe, na hakuna kati yetu anayethubutu kumsahihisha.

Barua yako niliipata, na najua nimechelewa kuijibu. Uliniuliza jambo moja tu: kama kuna habari yoyote ya ndugu yangu Sakariye, kabla hujampa jibu yule bwana aliyekuja kukuposa. Ulisema kadhi amekwisha kukufungua na ndoa yake, ila moyo wako unangoja neno kutoka kwetu. Ningekupigia simu, lakini yaliyotokea hayasemeki kwa simu. Univumilie, maana inanibidi nianzie kwenye betri.

Pikapu ya mumeo ilikuwa imekaa uani tangu askari walipotuletea kutoka barabara ya Liboi, milango imefungwa, ufunguo mahali pake, na mwenyewe hayupo. Hooyo alikataa katakata isiuzwe. Mwaka huu presha na sukari zilipomzidi, nikaona tuifufue niwe nampeleka kliniki. Betri ya zamani ilikuwa imevimba ubavuni. Nikanunua nyingine kwa kuitazama ukubwa tu, nikidhani kubwa ndiyo bora. Haikuingia kwenye kikalio chake, na vichwa vyake vilikaa kinyume, waya wa chanya ukawa haufiki.

Ndipo nikamwita Kulow, fundi wa umeme wa magari, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Alinieleza kwamba gari la umri ule halipendi betri iliyozibwa kabisa, kwa kuwa altaneta kuukuu huchaji kwa pupa, na joto la hapa humalizia. Tutafute ya kuongezwa maji, inayoenea kwenye kikalio, vichwa vikiwa upande unaofikiwa na nyaya, na nguvu ile ile liliyoundiwa gari, isizidi sana wala isipungue. Akaitafuta mwenyewe, akaifunga, gari likawaka mara moja. Hooyo alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Hakutabasamu.

Wiki haikuisha, betri ikafa. Kulow akaichaji, ikafa tena. Akapima waya mmoja mmoja kutafuta umeme unapovujia, asione kitu. Halafu asubuhi moja Hooyo akaanguka jikoni. Nilikimbilia gari, nikazungusha ufunguo, likanyamaza kimya. Tulimpeleka hospitali kwa tuktuk, kichwa chake mapajani pangu, midomo imekauka, nami sijui kama tutafika naye. Alhamdulillahi tulifika. Alipopata fahamu, neno la kwanza aliloniuliza ni kama gari limepona.

Kulow aliporudi, alikuwa na hasira kidogo. Alisema betri ya gari imeumbwa itoe nguvu nyingi mara moja, injini iwake, kisha ijazwe tena. Ukiinyonya polepole mpaka tupu, haivumilii. Akaniuliza gari hili linafanya kazi gani hasa, kwa sababu hawezi kunichagulia betri bila kujua kazi yake. Nikamwambia linampeleka mama kliniki, basi. Akatikisa kichwa. Akanionyesha usukani, una vumbi la siku kadhaa. Akanionyesha kiti cha abiria. Hakikuwa na hata chembe.

Siku iliyofuata, baada ya swala ya adhuhuri, saa ambayo mtaa mzima hulala, nilijilaza nikafumba macho. Nikasikia sauti ya mwanamume uani. Saumu, ilikuwa sauti ya Sakariye. Nilisoma Ayatul Kursiy, nikaenda dirishani. Hooyo alikuwa ameketi ndani ya pikapu, vioo vimepandishwa katika joto lile, na usoni hana jasho. Alisema kitu, akanyamaza, na ndugu yangu akamjibu. Hooyo akacheka.

Nilikuwa bado dirishani nilipoikumbuka kanda. Bila shaka unaikumbuka, ile iliyokwama kwenye redio ya gari, ambayo Sakariye alimrekodia Hooyo alipokuwa akilinda duka kule Takaba, miaka mingi kabla hajakujua wewe. Hooyo hajui kusoma, kwa hiyo sauti ndiyo ilikuwa barua. Humo anamuuliza hali yake, ngamia, mvua, na kila baada ya swali ananyamaza kama anayengoja kujibiwa. Hooyo ameikariri hata majibu yake yanaenea sawasawa katika vile vituo. Redio haisemi mpaka ufunguo uzungushwe wote, na hapo ndipo betri ilipokuwa ikiishia. Moyo wangu ukatulia. Nikawa namwonea huruma, wala sikumwambia kitu.

Lakini nilimtazama siku nyingi, nikaona jambo. Kila mara, kabla kanda haijaisha, aliunyoosha mkono na kuzima redio kwa haraka, kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto mbele ya wageni. Kila mara mahali pale pale, Sakariye akishaaga tu.

Siku moja alipolala kwa dawa, nilichukua ufunguo chini ya mto wake nikaingia garini. Nilimsikiliza ndugu yangu mpaka akaaga. Sikuzima. Ikaja ile sauti ya kanda tupu, kama upepo wa mchanga, ikaendelea, nikanyoosha mkono nizime. Ndipo aliposema tena. Safari hii sauti haikuwa ya kanda. Ilikuwa karibu, kama mtu aliyekaa kwenye usukani. Wala haikuwa kwa Kisomali. Alisema kwa Kiswahili chake kile ulichokuwa ukikicheka, cha kugeuza p kuwa b:

“Saumu asiningoje. Mwambieni aolewe, asibate taabu.”

Sijui nilitokaje garini. Nilimkuta Hooyo ameketi kitandani, yuko macho. Aliutazama ufunguo mkononi mwangu.

“Ananiambia hivyo tangu walipotuletea hilo gari,” alisema. “Mimi namsihi ayarudishe maneno yake. Nikiyafikisha, nitakuwa nimekubali kwamba amekufa.”

Tulilia pamoja mpaka alasiri. Tangu siku ile ulipoondoka na sanduku lako hakuwahi kulia mbele yangu.

Wafu hawasemi, wifi, najua, na sikuandikii ili uache dini ufuate kanda. Kama ni jini, basi ni jini aliyesema haki. Hooyo mwenyewe aliamuru redio ing'olewe. Kulow alipoifungua, alituonyesha mpira unaozungusha kanda: umeyeyuka kwa joto, umegandia kwenye chuma. Alisema mashine ile haijazunguka miaka mingi. Nilimtazama Hooyo, naye akatazama chini. Kulow aliiweka redio kando. Aliifunga betri ya aina ile ile, akisema ilikuwa ndiyo sahihi tangu mwanzo, na hadi leo gari linawaka kila asubuhi ya kliniki.

Ijumaa iliyopita Hooyo aliwaomba wazee wa msikiti wamswalie Sakariye swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwapo. Neno hilo alilikataa miaka yote, unajua. Alivaa nguo nyeupe, akakaa nyuma ya ukuta wa msikiti mpaka watu walipotawanyika.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: olewa, Saumu. Tumekuachia kwa moyo mweupe, mimi na Hooyo. Yeye anaomba aarifiwe siku ya nikaha. Anasema atakuja Hola kwa pikapu, mimi nikiendesha, akae upande wa wanawake wa kwenu kama mama wa bibi harusi.

Wasalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na mama yako mshikie mkono kwa niaba yangu. Mungu akuandikie kheri uendako.

Ni mimi wifi yako, sasa na hata baada ya nikaha,

Ifrah