Wingu Likitanda Kabungu

Mwanza

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii ya mvua? Na yule mtamba mwekundu ameshazaa? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo iko huko Kabungu. Nimekupigia wiki nzima, simu imezimwa, nikajua kunanyesha. Wewe wingu likitokea tu upande wa Ugalla, unazima simu, unachomoa redio, unafunika kioo kwa kitenge. Basi barua hii nimempa Mzee Hamisi, yule mwenye duka la vyombo pale Mpanda mjini, aliyekuja huku kuchukua mzigo. Mdogo wangu Wande atakusomea.

Babu alitoka huku Usukumani na ng'ombe wake akahamia huko, mimi nimerudi na waya mkononi. Ofisi yetu inauza dawa za mifugo, nami nimewafungia mtandao: kompyuta sita, zote zinachota kazi kwenye kompyuta moja kubwa iitwayo seva. Ni kama kihenge chetu cha mahindi, kila jiko linachota humo humo. Bosi wangu, Bi Rehema, aliniambia, "Masanja, seva ikifanya kazi wiki mbili mfululizo bila kuzimika, nenda kamwoze dada yako." Nilifurahi mpaka nikanunua shati. Baba hayupo, na nilimwahidi Wande kwamba nitamkabidhi mimi kwa mumewe.

Zilibaki siku chache tu. Mchana ule wingu likatanda juu ya ziwa, jeusi, radi ya kwanza ikapiga. Mayu, sikufikiri. Nilichomoa waya wa seva ukutani, nikachomoa na wa betri ya akiba, nikavua koti nikaifunika. Nilipogeuka watu wote walikuwa wananitazama, kompyuta zao zimeganda katikati ya kuhesabu stoo.

"Umefanya nini, Masanja?" akauliza Bi Rehema.

"Radi, bosi."

"Radi? Si wewe mwenyewe umetufungia waya wa kuishusha ardhini?"

Nikarudisha waya ukutani. Mafaili yaliharibika, nikahangaika kuyarudisha kutoka kwenye nakala, na wiki mbili zikaanza kuhesabiwa upya. Wenzangu sasa wananiita Bwana Radi. Nacheka nao, lakini nikiliona lile shati kwenye msumari machozi yananitoka. Harusi itanikuta huku. Wande, najua ni wewe unayesoma, usiruke mstari huu: nisamehe, mdogo wangu. Nimewakumbuka nyie wote, nimekumbuka hata harufu ya kile kitenge cha kufunikia kioo.

Jana radi ilipiga tena. Nilikalia mikono yangu, seva ikaendelea kuwaka. Hakuna kilichoungua.

Nisalimie mjomba anayetuchungia ng'ombe, na bibi, mwambie blanketi lake Mzee Hamisi analo. Shemeji mtarajiwa mwambie nina maneno naye.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Siku ya harusi, saa ya kumtoa Wande, nitapiga. Weka spika, watu wasikie, nimkabidhi kwa mdomo wangu. Redio chomoa, kioo funika. Simu usiizime, Mayu, hata wingu likitanda.

Mimi mwanao, ambaye macho yake yako njia ya Kabungu,

Masanja